Meza ya Wanahewa

Mtu akisikia kwamba marubani na mafundi wastaafu wa Jeshi la Wanahewa hukutana Kitale kila wiki mbili, hudhani akija atasimuliwa habari za ndege za kivita na mabomu. Vijana wawili watatu wamewahi kuvuta viti karibu nasi kwa matumaini hayo. Baada ya nusu saa huwa wameondoka, kwa kuwa wametukuta tukibishana kama mbolea ya CAN itiwe mahindi yakifika magotini au ingojewe mvua ipungue.

Hoteli yenyewe iko hatua chache kutoka steji ya matatu. Chai ni ya maziwa, mandazi ni ya asubuhi, na mwenye hoteli ametuzoea kiasi kwamba hatuulizi tena kama tunaongeza kitu. Meja, aliyekuwa rubani wa ndege za Buffalo, hukaa akiutazama mlango. Yuko sajini wa mawasiliano, ambaye boma lake liko upande wa Bungoma. Yuko mzee wa Webuye, mkubwa wetu sote kwa umri, ambaye jeshi lilimwacha mwaka 1982 kwa namna nitakayoieleza. Mara mojamoja huja kapteni kijana aliye likizoni, mwana wa jirani, anayeendesha helikopta na anayetuita sote afande hata tukimkataza. Mimi nilikuwa fundi wa injini. Nilistaafu nikarudi Kiminini kulima, na nikishika spana siku hizi ni kwa ajili ya pampu ya maji.

Nimekaa kwenye meza hiyo miaka mingi sasa, na nimeshawishika kwamba mengi ya yale yaliyotuweka hai hewani hatukuyapata darasani. Tuliyapata kwenye chai. Rubani akishuka na kueleza mbele ya wenzake jinsi alivyokaribia kufa saa moja iliyopita, huku akicheka kidogo na mikono ikimtetemeka kidogo, waliomsikiliza huondoka na kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha mafunzo. Lakini mazungumzo ya namna hiyo yanataka watu wasioogopana, na jeshi nililoingia mimi mwaka 1985 lilikuwa na woga hadi jikoni.

Wakati huo hata jina la jeshi letu halikuwa lile la zamani. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa wanahewa wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, mtu wa cheo cha chini sana, waliiteka idhaa ya Sauti ya Kenya jijini Nairobi na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Kabla ya siku kwisha uasi ulikuwa umezimwa. Ochuka alitorokea Tanzania kwa ndege ya jeshi, akarudishwa baadaye, akanyongwa mwaka 1987. Jeshi zima la wanahewa lilivunjwa, likaundwa upya chini ya usimamizi wa maafisa wa jeshi la nchi kavu, likaitwa Jeshi la Wanahewa la 82. Jina la awali lilirudi mwaka 1994. Kamanda wake wa wakati wa uasi, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne kwa kosa la kushindwa kuuzuia.

Mzee wa Webuye alikuwa koplo katika kambi ya Eastleigh, Nairobi. Anasema upande wa kwao Bungoma ulikuwa mwaka wa kutahiri, maana Wabukusu hutahiri Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, na vijana walikuwa tayari wanazunguka vijijini na njuga zao wakialika jamaa. Yeye alikuwa ameomba ruhusa ya kurudi kumsimamia mdogo wake. Ruhusa hiyo haikutoka. Alikamatwa Jumatatu akiwa na fulana na kaptura, akalala chini na mamia ya wenzake, akahamishwa kutoka gereza moja hadi jingine, akahojiwa swali moja kwa miezi: ulisikia nini, kutoka kwa nani, na kwa nini hukusema? Hakushtakiwa. Aliachiliwa bila kazi wala kiinua mgongo, akaajiriwa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, nacho kikafungwa mwaka 2009. Baadhi ya wenzake walikwenda mahakamani miaka mingi baadaye na wakalipwa fidia kwa mateso waliyopata. Yeye hakwenda. Ukimuuliza sababu atakuambia kwamba nauli ya Nairobi imepanda.

Lile swali la wahojaji ndilo tulilolirithi sisi tuliokuja baadaye. Mtu aliyekuwa amesikia na akanyamaza aliadhibiwa, na mtu aliyekuwa amesema aliadhibiwa zaidi, kwa hiyo njia salama ilikuwa kutokuwapo pale maneno yanaposemwa. Nilipofika kambini nikiwa kuruta mwenye midomo mingi, koplo mmoja aliniita kando akanieleza mambo yanayozungumzika wakati wa chai: AFC Leopards, Gor Mahia, mvua, na mama mzazi. Nilidhani anatania. Siku chache baadaye niliuliza mezani kwa nini injini fulani ilirudishwa mara tatu kwa kasoro ileile. Watu waliinuka na vikombe vyao mkononi.

Hasara yake haionekani haraka. Siasa ikizuiwa kwenye meza ya chai, huna habari kwamba na injini nayo imezuiwa. Hakuna anayeweza kuchora mstari na kusema maneno haya ni ya hatari na haya ni ya kazi, kwa sababu ukisema ndege ina kasoro unamsema aliyeitengeneza, aliyetia saini, na afisa aliyeamuru iruke. Watu walijifunza kuandika kitabuni lile lililo lazima na kumeza yaliyobaki.

Usiku mmoja pale Eastleigh ndipo nilipoona jinsi ukimya huo unavyoweza kuvunjwa. Buffalo ilikuwa hangani na vifuniko vya injini ya kulia vimefunguliwa, na asubuhi ilitakiwa kupeleka chakula Lodwar. Buffalo ilikuwa ndege ya Kanada, nene, yenye mkia mrefu na injini mbili za pangaboi, na uzuri wake ni kwamba iliweza kutua kwenye uwanja wa changarawe ambao mwendesha lori angeutazama mara mbili. Tulimaliza kazi karibu saa sita za usiku. Desturi ni kwamba kabla ya kufunga chochote vifaa vyote hurudi kwenye ubao, na kila kifaa kina umbo lake lililopakwa rangi, ili pengo lionekane hata kwa mtu aliye mbali. Pengo lilikuwapo. Spana ndogo, ile ya inchi saba kwa kumi na sita.

Tulitafuta chini ya ndege, mifukoni, kwenye ndoo ya matambara. Kulikuwa na askari mmoja mdogo, mgeni kati yetu, ambaye alikuwa akitafuta kwa bidii kupita wote na mahali pasipofaa kabisa. Aliangalia hata nyuma ya pipa la zima moto. Afisa wa zamu alikuwa amekwisha kupaza sauti kwamba hakuna atakayelala, na kwamba aliyeipoteza atajuta kuzaliwa. Kila akisema hivyo yule kijana alizidi kwenda mbali na ndege.

Fundi mkuu wetu, mzee wa cheo cha waranti, alingoja afisa aondoke. Kisha akakaa juu ya sanduku la vifaa, akafungua chupa yake ya chai, akamimina kwenye kifuniko, na akaanza kusimulia jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Zamani, alisema, aliwahi kusahau tochi ndani ya bawa. Ndege ikaenda Mombasa na kurudi na tochi yake ndani, na yeye akiwa chini akihesabu dakika, kwa sababu alikumbuka wakati pangaboi zimekwisha kuanza kuzunguka na hakuwa na ujasiri wa kukimbia mbele kuisimamisha. Alisema tumbo lake halijawahi kupona tangu siku ile. Alisema bila kumtazama mtu yeyote, akanywa chai.

Ilichukua labda dakika moja. Yule kijana akasema, kwa sauti ya chini, kwamba anadhani iko upande wa ndani, chini ya bomba la mafuta, maana hapo ndipo alipoitwa kushika taa na akaweka spana chini kidogo. Tulimulika. Ilikuwa imelala kando ya waya wa kuongozea injini, mahali ambapo mtikisiko wa kuruka ungeisogeza hadi ibane. Mzee aliitoa, akampa kijana airudishe ubaoni mwenyewe, na tukafunga vifuniko. Buffalo iliondoka alfajiri. Habari hiyo haikumfikia afisa kama ilivyotokea, ila sisi mafundi tuliijua sote, na ninavyokumbuka, kuanzia wiki ile watu walianza kutaja mambo.

Tangu hapo nimekuwa na wazo kwamba mkubwa hawezi kuwaamuru wadogo waseme ukweli. Anaweza tu kutangulia yeye. Meja hukubaliana nami hapa, ingawa yeye hulifikia kwa njia nyingine. Baada ya kustaafu alirusha ndege ndogo za mizigo kutoka Wilson, akipeleka miraa Mogadishu, mpaka Somalia ilipofunga mlango wa miraa ya Kenya mwaka 2020, naye umri ulikuwa umemfunga tayari. Kwenye kozi za urubani wa kiraia walifundishwa kwa kirefu ajali ya Tenerife ya tarehe 27 Machi 1977, ambapo Boeing 747 mbili, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye barabara ya kurukia katika ukungu na watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu mashuhuri katika kampuni yake. Alipoanza kuondoka, mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Rubani akajibu kwamba ndiyo, na safari ikaendelea. Meja husema mhandisi yule aliona. Aliuliza kwa adabu, akajibiwa, akanyamaza, na adabu yake ikawaua wote. Baada ya ajali ile mashirika ya ndege duniani yalianza kuwafundisha marubani wakubwa kusikiliza na wadogo kusisitiza.

Hapo Meja hukunja uso. “Sisi tulifundishwa kinyume,” husema. “Tulifundishwa kwamba mdogo haongei mpaka aulizwe. Halafu ukapewa mtu huyo akae kushoto kwako au kulia kwako, mkaingia kwenye wingu la Cherangani.”

Wingu la Cherangani si la kuchezea. Wanaokaa Kitale wanalijua: asubuhi vilima viko wazi, saa nane mchana vimefunikwa, na upande wa pili Mlima Elgon wenye mita 4,321 umejitengenezea hali yake ya hewa. Hewa ya huku juu ni nyepesi, injini inapumua kwa shida, mabawa hayabebi kama yanavyobeba Mombasa. Radi ya Bungoma mwezi wa Aprili huijua hata mtoto. Marubani wa ndege ndogo hufanya kazi kati ya kuta hizo mbili, na mara nyingi aliye nyuma yao ni mkubwa fulani mwenye mkutano saa tano.

Wanahewa wamelipa gharama kubwa. Aprili 1992 Buffalo, ndege ya aina ileile ya mikono yangu ingawa si ile ya spana, iliangukia mtaa wa Kaloleni, Nairobi, na zaidi ya watu 40 wakafa. Nilijua baadhi yao. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi aina ya Y-12 ilianguka karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa, ikaua watu 14, wakiwamo wabunge waliokuwa wakienda kutafuta amani kati ya jamii zilizokuwa zikipigana. Sitasema nini kilisababisha hii au ile, kwa kuwa sikuwapo na si kazi yangu kukisia. Mezani petu hiyo ni sheria ambayo haikuandikwa: hatukisii chanzo cha ajali ya mwenzetu mbele ya watu.

Sheria hiyo ilipimwa Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2024. Simu zilianza kulia alasiri. Helikopta ya Huey iliyombeba Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, ilikuwa imeanguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kuruka kutoka shule ya Cheptulel, Pokot Magharibi, alikokuwa amekwenda kwa shughuli za kurudisha usalama katika eneo la wezi wa mifugo. Walikuwa watu 12. Kumi walikufa, Jenerali mwenyewe akiwa mmoja wao. Kwa sisi wa Kitale, hiyo ni ajali ya nyuma ya nyumba. Na kwa sisi wanahewa alikuwa wetu, mtu aliyeingia jeshini mwaka 1984, katika lile Jeshi la 82 lililonyamaza, akajifunza urubani wa ndege za kivita humo, akapanda hadi kileleni.

Tulikutana Jumamosi. Mji mzima ulikuwa na majibu. Kwenye steji walisema bomu, kwenye duka la dawa ya mifugo walisema siasa, na mtu mmoja alinieleza kwa undani kabisa jinsi helikopta inavyoweza kuzimwa kwa simu. Mezani Meja aliagiza chai na kusema neno moja tu kuhusu chanzo: “Ngojeni.” Kisha mabishano yakaenda kwenye umri wa ndege, maana Huey ni chombo kilichoruka mara ya kwanza katika miaka ya 1950 na dunia ilikizoea kwenye vita vya Vietnam. Meja anaamini kwamba umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka, unahesabiwa kwa saa za kuruka na kwa vipuri vilivyobadilishwa, na kwamba ndege ya zamani iliyotunzwa ni salama kuliko mpya iliyopuuzwa. Hiyo ni kauli ya rubani. Mimi, niliyekuwa nikilala chini ya ndege, nasema ni kweli kwa karatasi. Kadiri chombo kinavyozeeka ndivyo kinavyodai fedha nyingi zaidi, na siku ambayo fedha hiyo itachelewa hayupo aliyepangiwa kuijua isipokuwa fundi mwenye cheo kidogo. Hatukukubaliana. Kapteni kijana alikuwa amekaa nasi. Hakusema lolote, akamaliza mandazi yake, akaomba ruhusa aende.

Lililowagusa wengi mezani baadaye lilikuwa mazishi. Jenerali alikuwa ameacha wosia wa kuzikwa upesi na bila jeneza, na Jumapili ya tarehe 21 akazikwa hivyo nyumbani kwake Alego, Siaya. Sajini alilizungumzia jambo hilo kuliko ajali yenyewe. Kwao Bungoma mazishi ya ndugu yake yalikuwa yamekaa wiki mbili, yakala ng'ombe, yakala mahindi ya ghala zima, na deni la hospitali lilibaki mikononi mwake kwa sababu ndiye aliyedhaniwa kuwa na pensheni. “Mtu mwenye nyota zote zile amezikwa siku tatu,” alisema. “Sisi wa mistari mitatu tunataka hema la watu elfu moja.” Mzee wa Webuye akamwambia kwamba tatizo si hema. Tatizo ni kwamba ndugu yake hakuwahi kutamka alichotaka akiwa hai, na maiti hawezi kuwakatalia wazee wa ukoo. Wiki hiyohiyo Sajini aliandika wosia wake na kutusomea. Mwenye hoteli alitia saini kama shahidi.

Pensheni nayo ina siku zake. Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, nasi tukaifurahia kama watu wanaofurahia mvua ya redioni. Baadhi yetu bado wanafuatilia stahili za miaka iliyopita, ofisi hii ikiwatuma ile, na faili likiwa kila mara kwenye meza ya mtu aliye likizo. Sitaendelea, kwa sababu tukianza hapo chai hupoa.

Kuna jambo moja tu ambalo meza yetu hulizunguka bila kuligusa sawasawa. Machi 2008 jeshi liliingia Mlima Elgon kwa Operesheni Okoa Maisha, dhidi ya kundi la SLDF lililokuwa limewaua na kuwakata masikio watu wa huko kwa sababu ya ugomvi wa ardhi ya Chebyuk. Helikopta zilipita juu ya Kitale na Bungoma asubuhi na jioni. Kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei mwaka huohuo, na watu wengi wa mlimani walilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Lakini wanaume wengi pia walichukuliwa, wakapelekwa kambi ya Kapkota, na mashirika ya haki za binadamu, Human Rights Watch likiwamo, yaliandika habari za mateso na za watu wasioonekana tena. Jeshi lilikana.

Sajini ameoa Cheptais, mlimani humo. Mwaka ule alikuwa bado kazini, mbali na mlima, kwenye redio zake. Alipopata likizo alikwenda ukweni na sukari na majani chai kama kawaida. Anasema aliposogea mlangoni alisikia watu wakizungumza, na alipoingia wakanyamaza wote, hata watoto. Baba mkwe akamkaribisha kwa heshima nyingi mno. Wakamwuliza habari za mvua.

Aliposimulia hayo mara ya kwanza, mzee wa Webuye alimtazama kwa muda, maana huyu ndiye kati yetu anayejua kwa mwili wake maana ya kuulizwa ulisikia nini na kwa nini hukusema. Mimi nilitaraji aseme jambo kubwa. Alimwuliza tu kama siku hizi wanazungumza. Sajini akasema mama mkwe ndiyo, baba mkwe alifariki kabla. Nadhani hilo ndilo deni ambalo wanahewa na askari wengine waliotoka sehemu hizi wanalo, nalo halilipwi kwa sherehe. Atakayetangulia kusema hapo ni nani, na kwa cheo gani, sijui kama sisi tutaishi kumwona.

Tarehe 1 Juni 2024 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Bungoma, uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi. Siku hiyo ina maana mbili kwetu, kwa kuwa Jeshi la Wanahewa la Kenya lilizaliwa tarehe 1 Juni 1964, na kwa hiyo lilikuwa linatimiza miaka 60 juu ya vichwa vyetu bila kuwa na haja ya kutualika. Tulihamisha kikao tukaenda kwa Sajini kwa matatu, kupitia Kamukuywa, Misikhu na Webuye, tulikomchukua mzee. Ndege zilipopita, watoto walikimbia nje wakipiga kelele, na mzee aliyefukuzwa bila kiinua mgongo akainua uso, akafumba jicho moja, akasema yule wa kushoto amechelewa kidogo. Meja akamwambia hakuchelewa. Walibishana mpaka kuku alipoletwa.

Mwezi mmoja kabla, jeshi hilo lilikuwa limepata kamanda mwanamke kwa mara ya kwanza, Meja Jenerali Fatuma Ahmed, na binti wa Sajini aliyekuwa kidato cha tatu alitaka kujua njia ya kuwa rubani ni ipi. Tulimpa majibu manne tofauti. Yalikubaliana mahali pamoja: fizikia, hisabati, na asimpe mtu yeyote shilingi.

Ushauri huo wa mwisho una sababu. Kila msimu wa kusajili makurutu, pesa hutoka Bungoma na Trans Nzoia kama maji ya Nzoia wakati wa masika, kwenda kwa matapeli wanaodai wana mtu makao makuu. Wazazi huuza ng'ombe, wengine huuza robo ya shamba. Kijana hupewa barua ya kuitwa mafunzoni yenye nembo na muhuri, husafiri hadi Eldoret na sanduku la bati, na langoni hukamatwa yeye, si aliyemwuzia. Jeshi hutangaza kila mwaka kwamba usajili ni bure. Tangazo halifiki mahali anapofika tapeli, maana yeye huja jioni, nyumbani, na kwa jina la ukoo.

Msimu uliofuata mama mmoja kutoka upande wa Chwele aliletwa kwenye meza yetu ya Kitale na mpwa wake. Alikuwa na barua ndani ya mfuko wa nailoni, nao umekunjwa ndani ya leso. Aliiweka mezani lakini hakuiachilia. Meja aliomba kuisoma, akaigeuza, akampa Sajini, akampa mzee. Mimi nilihitaji kuona mstari wa kwanza tu. Cheo cha aliyetia saini hakipo katika jeshi lolote ninalolijua, na anwani ya barua pepe ilikuwa ya zile za bure.

Mzee wa Webuye ndiye aliyeuliza, kwa Kibukusu, taratibu, amelipa kiasi gani. Alikuwa amelipa ng'ombe wawili na akiba ya chama cha akina mama, ambayo hawajui kwamba imetoka. Mwanawe aondoke Jumatatu. Na je, amemwambia nani? Hakumwambia mtu. Yule bwana alimkataza: nafasi ni chache, akisikika atapoteza.

“Hata mimi walinitapeli, mama,” mzee alimwambia. “Niliuza mahindi ya mwaka mzima, mwaka wa 1998, kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Na nilikuwa askari. Sijawahi kuwaambia hawa.”

Kwa kweli hakuwahi kutuambia. Meja alikuwa anamtazama. Yule mama akaachilia barua, akatoa simu yake ndogo, akaonyesha namba, na kuanza kueleza jinsi mtu huyo alivyokuja mara ya kwanza, alivyovaa, na mahali alipopanga wakutane kesho asubuhi kupokea pesa zilizobaki. Sajini alikuwa amekwisha kusimama, akitafuta kofia.

“Lipa chai,” aliniambia. “Twende kituoni sasa hivi, kabla hajazima simu.”